Mikhail Tsvet: Mtaalamu wa majani ambaye bomba lake limefika hadi migodi ya Kolwezi

Tarehe 6 Novemba 2018, kampuni ya Katanga Mining, iliyo chini ya Glencore, ilitangaza kwamba imesimamisha kwa muda uuzaji wa kobalti inayotoka Kamoto, mjini Kolwezi. Ndani ya haidroksidi ya kobalti, ule unga unaofungwa kwenye magunia makubwa na kupelekwa kwa malori hadi baharini, ilikuwa imegunduliwa urani. Kiwango chake kilizidi kile kinachokubaliwa katika bandari kuu za Afrika. Kampuni ilisema mionzi hiyo ilikuwa midogo na haikuwa hatari kwa afya, lakini mzigo haukuweza kupanda meli.

Suluhisho lililopendekezwa lilikuwa kujenga mtambo wa resini wa dola milioni 25. Ukiuangalia kwa ndani, mtambo wa aina hiyo hauna siri kubwa. Ni mapipa marefu yaliyosimama wima, yaliyojazwa vijipunje vya resini vinavyofanana na mbegu ndogo za mtama. Maji yenye madini yaliyoyeyushwa kwa asidi hupitishwa humo. Kinachotakiwa kuondolewa hunata kwenye vijipunje, na kinachobaki hupita na kutoka upande wa pili.

Wazo la kupitisha mchanganyiko kwenye bomba lililojazwa kitu kigumu, na kuacha kila kilichomo kishuke kwa mwendo wake, lilizaliwa mbali na migodi. Aliyelianzisha alikuwa mtaalamu wa mimea, Mrusi aliyezaliwa Italia na kukulia Uswisi, aliyefariki mwaka 1919 akiwa na miaka 47. Jina lake ni Mikhail Tsvet. Wanafunzi wa kemia wa Lubumbashi na Kolwezi wanaojaza silika kwenye bomba la kioo ili kutenganisha dawa za mitishamba wanafuata nyayo zake, hata kama wengi wao hawajawahi kulisikia jina hilo.

Mtoto wa nchi tatu

Tsvet alizaliwa tarehe 14 Mei 1872 katika mji wa Asti, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Semyon Tsvet, alikuwa mtumishi wa serikali ya Urusi. Mama yake, Maria, aliyekuwa na asili ya Italia, alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Baba alirudi kazini Urusi na mtoto akaachwa Uswisi mikononi mwa yaya. Alikulia Lausanne, kisha Geneva, akizungumza Kifaransa kama wenyeji wa huko.

Katika Chuo Kikuu cha Geneva alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1893, na mwaka 1896 akatunukiwa udaktari kwa utafiti wa chembe hai za mimea. Alikuwa kijana wa miaka 24 mwenye digrii ya juu kabisa. Mwaka huohuo alihamia Urusi, nchi ya baba yake ambayo hakuwahi kuishi.

Huko alikutana na ukuta ambao Wakongo wengi waliosoma ng'ambo wanaujua vizuri: karatasi zake hazikutambuliwa. Udaktari wa Geneva haukumpa haki ya kufundisha katika chuo kikuu cha Urusi. Ilibidi aanze ngazi upya, atafute shahada ya uzamili ya Kirusi kisha udaktari wa Kirusi. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi katika maabara za Saint Petersburg na kufundisha botania kwenye masomo ya wanawake. Uzamili aliupata Kazan mwaka 1901, na baada ya hapo akaenda Warsaw, mji uliokuwa wakati huo chini ya utawala wa Urusi. Aliingia chuo kikuu cha huko kama msaidizi wa maabara.

Ni katika miaka hii ya kuhangaikia vyeti ndipo alipofanya ugunduzi wake.

Jani lililokataa kutoa rangi

Swali alilokuwa nalo lilionekana dogo. Jani lina rangi ya kijani, na wataalamu walitaka kujua rangi hiyo ni kitu kimoja au ni vitu kadhaa. Ili kuichunguza ni lazima kwanza uitoe kwenye jani. Ukitumia alkoholi, rangi zote hutoka pamoja. Lakini ukitumia etha ya petroli, kimiminika chepesi kinachotokana na mafuta ya petroli, hutoka rangi ya manjano peke yake, na kijani hubaki ndani ya jani. Ukiongeza tone la alkoholi kwenye etha hiyo, kijani nacho hutoka.

Maelezo ya kawaida yalikuwa kwamba kijani hakiyeyuki katika etha ya petroli. Tsvet aliona kwamba maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu kijani kikishatolewa kwenye jani huyeyuka vizuri katika etha hiyohiyo. Kwa hiyo kizuizi hakikuwa kwenye kuyeyuka. Kulikuwa na kitu ndani ya jani kilichoishikilia rangi, na alkoholi ilikuwa inaiachisha.

Alilipima wazo hilo kwa karatasi ya kawaida ya kuchujia. Aliilowesha kwa rangi za majani, akaikausha, kisha akaitia kwenye etha ya petroli. Karatasi ikafanya vilevile kama jani: ikaachia manjano, ikashikilia kijani mpaka ilipotiwa alkoholi kidogo. Karatasi haina uhai wala siri ya mmea. Basi kushikilia huko ni nguvu ya kawaida ya uso wa kitu kigumu, na kama ndivyo, inaweza kutumiwa makusudi.

Kutoka hapo hadi kwenye bomba palikuwa na hatua moja tu, ingawa hakuna aliyeiona kabla yake kwa namna hiyo. Alisaga chaki, yaani kalisi kaboneti, ikawa unga laini mkavu, akaujaza kwenye bomba jembamba la kioo na kuushindilia. Juu yake akamimina rangi za majani zilizoyeyushwa, halafu akaendelea kumimina kiyeyushi kisafi. Rangi zilianza kushuka, lakini si kwa mwendo mmoja. Karotini, ile ya manjano inayoelekea chungwa, haikushikwa sana, ikatangulia chini. Rangi nyingine za manjano zilibaki nyuma yake. Juu zaidi vilijipanga vikanda viwili vya kijani, kimoja cha kuelekea bluu na kingine cha kuelekea manjano. Jani moja lilikuwa limejiandika lenyewe kwenye chaki.

Anayetaka kuelewa kilichotokea afikirie watu wanaopita sokoni. Asiye na haja ya kununua hupita moja kwa moja na kutokea mwisho wa soko. Anayesimama kila meza atafika jioni. Wote wameingia pamoja kwa lango lilelile, na wote wanasukumwa na umati uleule, lakini umbali kati yao unaongezeka kadiri soko linavyokuwa refu.

Vikanda vilipokwisha kutengana, Tsvet alisukuma ule mche wa chaki utoke kwenye bomba, akaukata kwa kisu, kipande kwa kipande, na kuosha rangi kutoka kila kipande. Tarehe 21 Machi 1903 alisimama mbele ya chama cha wanasayansi wa Warsaw na kueleza kwa mara ya kwanza njia hiyo. Mwaka 1906 alichapisha makala mbili kwa Kijerumani katika jarida la chama cha wataalamu wa mimea cha Ujerumani, na humo ndimo alimoipa jina la kromatografia, kutoka maneno ya Kigiriki ya rangi na kuandika. Neno tsvet kwa Kirusi maana yake ni rangi. Wapo wanaoamini kwamba alijificha kwa utani ndani ya jina alilolichagua, na hilo si gumu kuliamini.

Unga gani, kiyeyushi gani

Watu wengi wanaomsimulia Tsvet huishia kwenye bomba. Kazi yake kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ilikuwa kuchagua cha kutia ndani yake. Alijaribu unga wa aina zaidi ya 100, mmoja baada ya mwingine: chaki, sukari iliyosagwa, inulini inayotoka kwenye mizizi ya mimea, alumina na vingine vingi. Mabomba yake ya majaribio yalikuwa madogo mno, upana wa ndani milimita 2 hadi 3 tu, na aliweza kuendesha kadhaa kwa wakati mmoja.

Kutokana na majaribio hayo alijua mambo ambayo wanafunzi wa leo hufundishwa kana kwamba yalikuwepo siku zote. Unga ukiwa dhaifu, kila kitu hupita pamoja na hakuna kilichotengana. Ukiwa na nguvu kupita kiasi, hushika kila kitu na hakishuki. Kibaya zaidi, unga mkali unaweza kukibadilisha kile unachokichunguza, ukatoa upande wa chini kitu ambacho hakikuwamo kwenye jani.

Jambo hili la mwisho linaonekana jikoni. Mama anayepika sombe anajua kwamba majani yakichemka muda mrefu hupoteza kijani cha kung'aa na kugeuka rangi ya zeituni. Asidi iliyomo kwenye majani yenyewe imeondoa magnesi kutoka ndani ya klorofili, na bila magnesi klorofili si ile tena. Wanaotia magadi kwenye sufuria wanazuia asidi hiyo. Unga wenye asidi ndani ya bomba hufanya kazi ileile ya sufuria, ila bila moto. Tsvet alipendelea chaki na sukari kwa sababu ni vitu vipole.

Kuhusu kiyeyushi, alianza na kile dhaifu ili rangi zinate vizuri juu ya bomba, kisha akaongeza nguvu kidogo kidogo kwa alkoholi. Ukianza na chenye nguvu, rangi zote huondoka kwa pamoja, kama zilivyotoka kwenye jani.

Mwanafunzi wa leo anayetenganisha dawa kutoka gome la mti hufuata mantiki hiyo, ila ana vifaa vizuri zaidi. Kabla ya kujaza bomba, hupima kwanza kwenye kibao kidogo chenye utando mwembamba wa silika. Huweka doa la mchanganyiko wake chini, huacha kiyeyushi kipande, na kuangalia kila kitu kimefika wapi. Kile anachokitaka kikipanda kama robo au theluthi ya njia, na majirani zake wakiwa mbali nacho, amepata kiyeyushi cha kufanyia kazi. Silika ndiyo hutumika mara nyingi, kwa uzito wa mara 30 hadi 50 wa mchanganyiko, na zaidi pale vitu vinapokaribiana sana. Vitu visivyovumilia asidi kidogo ya silika hupelekwa kwenye alumina. Vitu vyenye chaji ya umeme hupelekwa kwenye resini.

Hapo ndipo mgodi unapoingia. Shaba, kobalti na urani zikishayeyushwa kwa asidi ya salfa huwa ni ioni, yaani chembe zenye chaji, na silika ya maabara haina faida kwao. Kobalti hubaki na chaji chanya. Urani inaweza kujifunga na salfati mpaka ikawa na chaji hasi. Tofauti hiyo inatosha: resini inayovuta chaji hasi hunasa urani na kuiacha kobalti ipite. Hiyo ndiyo njia mojawapo iliyozoeleka ya kushika urani kwenye maji ya asidi.

Lakini mbona shaba yenyewe haitenganishwi kwa resini? Kwa sababu ni nyingi mno. Resini hujaa, na ikijaa lazima ioshwe ndipo ifanye kazi tena. Ukitaka kutoa maelfu ya tani za shaba, vijipunje vitajaa kabla jua halijazama. Ndiyo maana katika mitambo ya ukanda huu shaba huvutwa kwa kimiminika kinachofanana na mafuta ya taa, kilichotiwa kemikali inayoipenda shaba, kisha humalizwa kwa umeme. Mapipa ya resini huwekwa pale kinachotafutwa ni kidogo ndani ya kingi, kama urani ndani ya kobalti. Wahunzi wa zamani wa Katanga, waliojenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na kumimina shaba kuwa misalaba, nao walichagua njia kulingana na jiwe walilokuwa nalo. Malakiti ya kijani inakubali moto wa makaa. Urani katika kobalti haitoki kwa makaa.

Wakubwa waliomkatalia

Tsvet hakuwa na bahati na wakubwa wa fani yake. Leon Marchlewski, mkemia wa Kraków aliyekuwa na sifa kwa utafiti wa klorofili, aliiona njia hii kuwa ni kuchuja tu, isiyostahili kutegemewa kuamua mambo makubwa ya kemia. Walijibizana katika majarida kwa miaka. Tsvet alikuwa na kalamu kali, na haikumsaidia kupata marafiki. Mwaka 1907, mwaka uleule alipomwoa Helena Trusiewicz, alipeleka mabomba yake Berlin na kuwaonyesha wataalamu wa mimea wa Ujerumani vikanda vya rangi waviangalie wenyewe.

Pigo zito lilitoka kwa Richard Willstätter, mkemia mkubwa wa Ujerumani. Yeye alifanya kazi kwa wingi: majani makavu kwa kilo nyingi, viyeyushi kwa lita nyingi, na mwishoni klorofili ya kushikika mkononi. Bomba la Tsvet lilitoa kiasi kidogo sana. Willstätter na msaidizi wake Arthur Stoll, katika kitabu chao cha mwaka 1913, walieleza kuwa klorofili hubadilika inaponata kwenye unga, hivyo njia hiyo haifai. Ni hatari ileile ambayo Tsvet alikuwa ameionya, na aliyoikwepa kwa kuchagua unga mpole. Aliyechagua unga mwingine akapata matokeo mengine, na lawama ikaangukia njia nzima.

Jambo linalouma zaidi ni kwamba kazi ya Willstätter mwenyewe ilithibitisha kuwa klorofili ya mimea ni mbili, kama vile vikanda viwili vya kijani vilivyokuwa vimeonyesha Warsaw. Mwaka 1915 Willstätter alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa utafiti wa rangi za mimea. Baada ya hapo ni mkemia gani kijana angethubutu kutumia bomba ambalo mshindi wa Nobel amelikataa?

Tsvet aliandika kila kitu katika kitabu kikubwa kuhusu rangi katika mimea na wanyama, kilichotoka Warsaw mwaka 1910. Kwa kitabu hicho alipata hatimaye udaktari wake wa Kirusi, miaka 14 baada ya ule wa Geneva, na mwaka uliofuata chuo cha sayansi cha Urusi kikampa tuzo. Lakini kilikuwa kwa Kirusi, lugha ambayo wakemia wengi wa Ulaya Magharibi hawakuisoma.

Vita na safari za mwisho

Mwaka 1915 majeshi ya Ujerumani yalikaribia Warsaw. Taasisi ya ufundi alikokuwa akifundisha ilihamishwa Moscow, kisha Nizhny Novgorod. Tsvet aliacha nyuma maabara, na tangu hapo nguvu zake ziliishia kwenye kupanga masomo na kuhamisha watu na vitu. Utafiti ulisimama.

Mwaka 1917 aliteuliwa kuwa profesa wa botania na mkuu wa bustani ya mimea katika mji ambao leo unaitwa Tartu, nchini Estonia. Alikuwa na miaka 45, na kwa mara ya kwanza alikuwa na kiti cha uprofesa katika chuo kikuu. Mwaka uliofuata Wajerumani waliuteka mji huo, na chuo kikahamishiwa Voronezh, kusini mwa Urusi. Mwaka huohuo wa 1918 mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, van Wisselingh, alimpendekeza kwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Tuzo ya mwaka ule alipewa Fritz Haber.

Tsvet alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na Voronezh ya wakati huo ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alifariki huko tarehe 26 Juni 1919.

Kitabu kilichokaa kabatini

Bomba halikufa kabisa. Marekani, Leroy Palmer alilitumia kuchunguza rangi za manjano kwenye maziwa na siagi, na mwaka 1922 alitoa kitabu kilichoieleza njia hiyo vizuri. Uswisi nako, huko Fribourg, Charles Dhéré aliendelea nayo. Lakini walikuwa wachache.

Mwaka 1931, katika maabara ya Richard Kuhn mjini Heidelberg, kijana aitwaye Edgar Lederer alikuwa akitafuta njia ya kujua kama rangi ya kiini cha yai ni kitu kimoja au viwili. Alisoma kitabu cha Palmer, akakutana na Tsvet. Kuhn naye alikuwa na hazina ambayo wengine hawakuwa nayo: tafsiri ya Kijerumani, ya mkono, ya kile kitabu cha Kirusi cha mwaka 1910. Tafsiri hiyo ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya Willstätter, na Kuhn aliipata kutoka kwake. Mtu aliyeizima njia hiyo ndiye aliyekuwa amehifadhi maelezo yake kamili.

Lederer, Kuhn na Alfred Winterstein walijaza chaki kwenye bomba na kutenganisha luteini na zeazanthini. Kisha karotini yenyewe, ambayo ilidhaniwa kuwa kitu kimoja, ikagawanyika. Jambo hilo halikuwa la maabara tu, kwa sababu karotini ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ndiyo inayoyapa mafuta ya mawese wekundu wake. Safari hii hakuna aliyeweza kupuuza. Kuhn alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1938. Mwaka 1952 Waingereza Archer Martin na Richard Synge walipata yao kwa aina nyingine ya kromatografia, ambamo vitu hugawanyika kati ya vimiminika viwili.

Kwa Katanga, tawi lililo karibu zaidi ni la resini. Kubadilishana kwa ioni kulijulikana Uingereza tangu mwaka 1850, kutokana na uchunguzi wa udongo wa mashamba, hivyo haitakuwa haki kumpa Tsvet sifa yote. Kilichokuja baadaye ni kuziweka resini ndani ya bomba na kuziacha ioni zitengane zikishuka, kama rangi zake zilivyotengana. Hilo lilifanywa kwa kiwango kikubwa Marekani wakati wa mradi wa bomu la atomiki, ambapo wakemia walihitaji kutenganisha mabaki mengi yanayofanana ya urani iliyopasuka. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1947, na Frank Spedding wa Iowa akaonyesha jinsi mabomba hayo yanavyoweza kutenganisha hata metali adimu ambazo kemia ya zamani ilizitenganisha kwa taabu ya miaka.

Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Kolwezi. Urani haikuishia Shinkolobwe. Mgodi wa Musonoi, pembeni mwa Kolwezi, unajulikana kwa wakusanyaji wa madini duniani kwa mawe yake ya kijani na manjano yenye urani, na wanajiolojia waliyaorodhesha miongo mingi kabla ya tangazo la mwaka 2018. Wachimbaji walikuwa wakifuata shaba na kobalti. Urani ilikuja nazo kwenye jiwe lilelile.

Voronezh haikuwa na jiwe la kumkumbuka Tsvet kwa zaidi ya miaka 70. Liliwekwa mwaka 1992, katika monasteri ya Alekseyevsky mjini humo.